Koki ya Ijumaa

TANGAZO RASMI. Wasomaji watukufu, simulizi hii imeandikwa kwa lengo la kuuelimisha umma juu ya mabadiliko ya tabianchi, faida za miti, na ushirikiano wa waumini wa dini mbalimbali. Haina mapenzi hata chembe. Wanaotafuta mapenzi waende kwingine.

— Fundi, usinitazame hivyo. Kiriba hiki cha mche nimeshakimwagilia mara tatu.

— Sikutazami wewe. Natazama mche.

— Mche uko chini. Macho yako yako juu.

Haya basi. Tangazo limevunjika, tuendelee.

Aliyetazamwa alikuwa binti wa mwadhini, na mtaa mzima ulimwita Bi Miche kwa kuwa ndiye mtunza kitalu. Aliyetazama alikuwa fundi bomba, muumini wa msikiti huohuo, kijana mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na hayo machache yote aliyamalizia kwake. Kitalu chenyewe kilikuwa uani mwa kanisa, ng'ambo ya kichochoro.

Ilikuwaje? Mwaka uliopita mvua ilishuka kilimani kama imetumwa kudai roho ya mtu. Kilima kilikuwa kipara, hakuna mti wa kuizuia. Matope yakaingia msikitini, yakavuka kichochoro, yakaingia kanisani, wala hayakumuuliza mtu dini yake. Huku yalibeba mikeka, kule yalibeba mabenchi. Imamu na mchungaji wakakutana katikati, kila mmoja na koleo lake, wakakubaliana kukivisha kilima nguo. Kanisa lilikuwa na nafasi ya kitalu, msikiti ulikuwa na maji. Maji ya udhu, badala ya kupotelea mtaroni, yangepita kwenye bomba na kuinywesha miche.

Wote walifurahi isipokuwa Mama Kwaya, kiongozi wa waimbaji, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wafu kabla ya siku yao.

— Miche iliyo uani mwa kanisa haitakunywa maji yaliyooshea miguu ya watu, alisema, na kwaya nzima ikamfuata kama inavyomfuata kwenye noti.

Ijumaa moja asubuhi bomba jipya lilikuwa tayari. Lilibaki jambo moja tu: kulisafisha kwa maji ya tangi la msikiti. Fundi akaenda upande wa kanisa kuona maji yakitoka. Bi Miche akabaki msikitini, penye koki. Simu ikaita.

— Yamefika! Safi kama moyo wako. Sasa funga koki.

— Nafunga.

— Na jambo jingine. Mshenga wangu anakuja kwenu leo jioni.

— Leo?

— Leo. Nimechoka kusingizia miche.

Bi Miche akatoa ukelele mdogo, akaliinua gauni lake kwa mikono miwili, akatoka mbio kwenda kumwambia mama yake. Kwa mikono miwili, msomaji. Hebu jiulize koki ilifungwa na nini.

Adhuhuri baba yake aliadhini vizuri kuliko siku zote. Watu wakaja, wakakunja mikono ya kanzu, wakafungua mabomba. La kwanza likakohoa. La pili likapiga chafya. La tatu likatoa mjusi. Tangi zima lilikuwa limehamia kitaluni, miche inaogelea.

Ng'ambo, kwaya ilikuwa mazoezini. Mama Kwaya akachungulia dirishani, akaona wanaume wazima wamekunja mikono wanatazamana kama walioachwa na basi.

— Ninyi! Mmepatwa na nini?

— Maji yamekatika, mama. Na sala imekaribia.

— Sasa mnasimama hapo mnangoja mvua? Njooni huku! Sauti ya kwanza, shikeni majagi! Sauti ya tatu, ndoo!

Msikiti mzima ukatawadha uani mwa kanisa, kwaya inamimina, Mama Kwaya anakagua visigino.

— Wewe baba, hapo nyuma bado pakavu. Rudi!

Sala haikuchelewa. Lakini mwadhini alipotoka, uso ulikuwa umemvimba kwa aibu.

— Nani aliacha koki wazi?

Bi Miche akafungua mdomo. Fundi akamwahi.

— Mimi, mzee.

— Wewe?

— Mimi.

— Na leo jioni ulitaka kuleta mshenga kwangu?

— Ndiyo, mzee.

— Akija arudi alikotoka. Koki imekushinda kufunga, ndoa utaifungaje?

Mshenga alikuja, akarudishwa mlangoni kabla hajavua hata kiatu kimoja. Bi Miche akajifungia chumbani na simu yake, akamwandikia Fundi.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Wakijua ni wewe watakutoa kitaluni. Mama Kwaya anangoja kisingizio tu. Kilima kitabaki kipara."

"Na sisi je?"



"Baba yako atapoa."

Baba hakupoa. Mama alipojaribu kumtetea kijana, mwadhini alisema binti yake ataolewa na mtu anayejua kufunga alichofungua. Kisha akaanza kumsifia mwenye duka la rangi, bwana mmoja mwenye mali ya kutosha, umri wa kutosha na tumbo la kutosha.

— Ameniulizia habari zako, akamwambia Bi Miche. Jumatatu nitampa jibu.

Jumapili mchana mlango ukagongwa.

— Hodi hapa!

— Karibu... Mchungaji? Kuna mafuriko tena?

— Hapana, mzee mwenzangu. Nimekuja kwa posa.

Mwadhini akakaa bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo.

— Posa ya nani?

— Ya fundi bomba, kwa binti yako. Mshenga wa kwanza ulimkataa, basi nimekuja mimi.

— Mchungaji, mshenga wa Mwislamu awe mchungaji? Watu watasema nini?

— Watasema Ijumaa walitawadha kwangu na hakuna aliyedhurika.

Kicheko kilimpanda mwadhini hadi kooni. Akakigeuza kikohozi.

— Kijana yule ni mzembe. Ameniaibisha mbele ya msikiti mzima.

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani, Bi Miche alikuwa anasikiliza. Akisema, atakipoteza kitalu: viriba alivyovijaza udongo kwa vidole vyake, majani aliyoyajua moja moja kama watoto. Akinyamaza, atampoteza aliyelibeba kosa lake tangu Ijumaa kama mfuko wa saruji, bila kulitua. Akalisukuma pazia, akatoka.

— Baba, koki niliiacha mimi.

— Nini?

— Aliniambia funga, nikasema nafunga. Kisha akasema mshenga anakuja, nikakimbilia kwa Mama kwa furaha. Yeye alikuwa upande wa kanisa. Koki hakuigusa.

— Mbona amesema ni yeye?

— Ili nisitolewe kitaluni. Sasa nitoeni. Ila yeye asibebe kosa langu.

Mchungaji akajikuna kidevu.

— Akutoe nani, binti? Tangu Ijumaa Mama Kwaya hana habari nyingine. Anasema miguu aliyoiosha mwenyewe hawezi tena kuyakataa maji yake. Leo ibada imeisha tu, ametoka na kwaya nzima na makoleo begani, anauliza kilima kiko wapi, utadhani hajaishi chini yake miaka yote.

— Mama Kwaya huyuhuyu?

— Huyuhuyu. Na anataka zamu yake kitaluni. Asipopewa, ataimba.

Mwadhini akainamisha kichwa.

— Nimemfukuza mtoto wa watu kwa kosa la mwanangu, akasema polepole. Akatoa simu, akapiga, akaiweka kwenye spika kwa bahati mbaya.

— Mzee! Shikamoo, mzee! Koki nimeikagua leo mara nne, imefungwa!

— Marahaba. Uko wapi?

— Kitaluni, mzee.

— Njoo nyumbani.

— Nije na vifaa?

— Njoo na akili. Vifaa acha.

Fundi alifika anahema, suruali ina matope hadi magotini. Mwadhini akamtazama kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu.

— Umenidanganya.

— Ndiyo, mzee.

— Usirudie.

— Sirudii.

— Haya, kaa karibu na mshenga wako.

Fundi akageuka kumtafuta mshenga, akakutana na tabasamu la Mchungaji. Akakaa kando yake.

— Mahari anataja mwenyewe, mwadhini akasema. Haya, binti, unataka nini?

— Tangi la maji, Baba. Likishakuwa langu nitaupa msikiti, watu wasikose udhu tena. Na liwe na koki inayojifunga yenyewe.

— Tangi nitaleta, Fundi akasema. Ila hiyo ya kujifunga yenyewe ni ya nini?

— Kwa sababu siku ya ndoa nitakimbia tena.

Mama akapiga vigelegele kutoka jikoni, ushahidi kwamba ukuta wa nyumba ile haukumzuia mtu kusikia chochote. Mwadhini safari hii alicheka waziwazi. Mchungaji akatoa simu yake mfukoni.

— Bi Miche, nikupongeze pia kwa ujumbe wako. Bila huo nisingefika.

— Ujumbe gani, Mchungaji?

— Huu hapa. "Kwa Mheshimiwa Mchungaji. Kwa taadhima kuu na unyenyekevu usio kifani, naomba ufike kwetu Jumapili uwe mshenga wa fundi bomba, kwani tabianchi ya nyumba yetu imebadilika vibaya na baba anatoa joto lisilo la kawaida. Wako mtiifu katika vita dhidi ya ukame, Bi Miche."

— Huo si wangu! Mimi siandiki hivyo.

— Wala si wangu, Fundi akasema. Nusu ya maneno hayo siyajui.

Mwadhini akakunja uso.

— Humu ndani nani anaandika hivyo?

Wote wakageuka kulitazama pazia. Pazia lilikuwa na miguu.

Haya, ni mimi. Mdogo wake Bi Miche, nipo likizo kutoka shule ya bweni, na simu ya dada yangu haina namba ya siri. Nilitoka na mikono juu, nikaungama ujumbe, nikaungama kusikiliza ya wakubwa, nikaungama na mambo mawili ambayo hakuna aliyekuwa ameyagundua. Baba akasema kwa wema wangu, ahsante, na kwa utovu wangu wa adabu, nitamwagilia kitalu likizo nzima, chini ya Mama Kwaya.

Naandika haya nimekalia ndoo. Mama Kwaya ananiita. Mkisikia sauti hapo mlipo, ndiye.