Pampu ya Salfa na Picha za Ukungu

Kila asubuhi Anjelina alijifunga kanga mabegani, akachukua simu ya mama yake na kwenda ukingoni. Nyumba yao ilikuwa pembezoni mwa mji wa Newala, mahali ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaanza kule chini. Shule zilikuwa zimefungwa, na wenzake wa darasa la sita walikuwa bado wamejikunyata vitandani. Yeye alikuwa na kazi yake. Alisimama mahali palepale pa siku zote, akapiga picha moja ya ukungu, kisha akarudi polepole, miguu ikilowa umande.

Ukungu wa mwezi wa sita, jamani! Ulijaza bonde lote ukatulia, vilima vikachomoza vichwa tu. Siku nyingine ulikuwa mweupe, siku nyingine wa kijivu, na jua likichomoza uligeuka rangi ya chungwa bivu. Anjelina alijiwazia kwamba angeweza kushuka na kutembea juu yake, taratibu, mpaka ng'ambo. Mara nyingi aliwaza hivyo mpaka uji ukapoa nyumbani.

"We Anjelina!" mama yake aliita kutoka uani. "Umelala umesimama?"

Picha zile zilikuwa za Babu Nikolao, baba mzazi wa baba yake. Babu alizaliwa kule chini bondeni, akapanda juu akiwa kijana, na miaka yote alikuwa akienda ukingoni kutazama upande wa kwao. Tangu alipoanguka akavunjika nyonga, hakuvuka tena ua. Ndipo Anjelina alipoanza kumletea bonde nyumbani.

Kioo cha simu kilikuwa kidogo mno kwa macho ya Babu. Kwa hiyo picha zilihamishiwa kwenye kompyuta ya mezani, ile waliyopewa na mamdogo Ethel, mdogo wake mama, aliyekuwa fundi wa kompyuta kule hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Simu nayo ilijaa haraka, hivyo kila picha iliyohamishwa ilifutwa kwenye simu. Bonde lote la Babu, la masika na la kiangazi, lilikaa ndani ya boksi moja tu.

"Haya bibie, nifungulie dunia," Babu alisema kila baada ya uji, akiburutiwa kiti chake mbele ya kioo. Kisha alinyoosha kidole. "Unaona pale ukungu ulipolala mzito? Pale ndipo kwa mama yangu. Sasa hivi kule kuna baridi, na kuku wamepanda juu ya jiko."

Anjelina hakuona kuku wala jiko, lakini aliamini.

Kompyuta ilikaa stoo, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye sakafu ya saruji na kufuli. Kwa sababu hiyohiyo, baba yake, mzee Optatus, alihifadhi humo mifuko ya salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho. Mama yake, Julia, akaifunika kompyuta kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, chenye maua mekundu, na hakukitoa hata ilipokuwa inafanya kazi. Eti vumbi lisiingie! Mara ngapi mamdogo Ethel alisema kwenye simu: hamisheni salfa, toeni kitambaa, sasisheni programu kila mwezi, wekeni nakala za picha kwenye flashi. "Tutafanya, mdogo wangu," mama alijibu. Lakini bando lilikwenda kwenye mambo mengine, na hiyo tutafanya ikaota mizizi.

Basi kompyuta ikaanza kuugua. Ilinguruma, ikapata joto, na picha moja ilichukua muda mrefu kufunguka hata Babu akasinzia kabla ya kuliona bonde. Anjelina alimtazama akisinzia, roho ikamuuma. Akaazimia kuiponya mwenyewe.

Baba alikuwa amerudi alfajiri kutoka shamba, kwani salfa hupulizwa majani yakiwa bado na umande, na sasa alikuwa ametoka kwenda kwa jirani. Mama alikuwa kwenye foleni ya maji bombani. Anjelina akaibeba kompyuta mpaka nyuma ya nyumba, akafungua skrubu kwa ncha ya kisu, akachungulia. Vumbi lilikuwa limejaa humo, nene kama blanketi. Alijaribu kupuliza kwa mdomo, akapiga chafya. Akatazama huku na huku, na macho yake yakaangukia pampu ya salfa ya baba, ile ya mota inayobebwa mgongoni. Kitu gani hapa Newala kina upepo kuliko hicho?

Alitingisha tangi la salfa, akaona ni tupu. Akaegemeza pampu ukutani, akaelekeza bomba ndani ya kompyuta na kuvuta kamba kama alivyomwona baba akivuta. Mota ikanguruma. Hakuna aliyeshtuka, maana msimu huo pampu hunguruma kila upande, na Babu chumbani alidhani mwanawe anajaribu mashine. Vumbi likaruka, wee! Anjelina akacheka kwa furaha. Kisha, kutoka ndani kabisa ya lile bomba, mabaki ya salfa yakafumka wingu la njano, na kitu ndani ya kompyuta kikalia *ka!*

Alizima haraka. Alikung'uta, akapangusa kwa kanga, akafunga skrubu, akairudisha mezani na kuifunika kitambaa chake cha maua. Alipoiwasha, kioo kiliangaza kidogo tu kikazima. Harufu ya kiberiti ikabaki hewani.

"Imekuwaje?" mama aliuliza aliporudi na ndoo yake.

"Umeme ulikatika, mama. Ikazima, haijawaka tena."

Uongo ulitoka laini hata yeye mwenyewe akashangaa. Mama akaguna tu, akatua ndoo.

Kesho yake Anjelina hakwenda ukingoni. Kwenda kufanya nini, na picha itawekwa wapi? Baada ya uji Babu alisema, "Haya bibie, nifungulie dunia."

"Kompyuta inaumwa, Babu."

"Aa. Pole yake." Hata hivyo Babu aliomba kiti chake kisogezwe palepale. Akakaa mbele ya kioo cheusi, mikono magotini, akitazama. "Pengine itaamka," alisema. Anjelina alitoka nje akalia nyuma ya nyumba, karibu na pampu.

Jioni ile walipokusanyika stoo, mama alimpigia simu mamdogo Ethel, akafungua sauti kubwa wote wasikie.

"Shikamoo mamdogo," alisema Anjelina.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, nini kilitokea kabla haijazima? Niambie kila kitu, mimi huku siioni."

"Umeme ulikatika tu."

"Hakuna aliyeifungua? Haijaanguka? Haijamwagikiwa?"

"Hapana, mamdogo."

"Basi tatizo ni umeme. Chomeka kwenye soketi nyingine. Umechomeka? Sasa iwashe, uishike ile swichi. Ikiwaka, iacheni nusu saa hata ikinguruma, nijue kama saplai yake, kile kifaa cha kuipa umeme, inachoka. Ikizima, washa tena na tena."

Anjelina akaweka kidole kwenye swichi. Harufu ya kiberiti ilikuwa bado ipo. Mifuko ya salfa ilikuwa pale miguuni. Na Babu, aliyesikia neno la kuwashwa, alikuwa ameinama mbele kabisa, uso wake karibu uguse boksi, anangoja bonde lake. Kidole cha Anjelina kikawa kizito. Alijua kwamba mamdogo anatibu ugonjwa ambao haupo.

"Mamdogo, nimesema uongo!" Akaangua kilio. "Umeme haukukatika. Niliifungua mimi. Niliipuliza kwa pampu ya baba, salfa ikaingia ndani, na kitu kikavunjika."

Mama akaweka mkono kichwani. "Mungu wangu! Pampu?"

"Chomoa waya ukutani," alisema mamdogo Ethel kwa sauti ya chini. "Sasa hivi. Umechomoa? Mtoeni Babu humo chumbani, na hiyo mifuko itoke usiku huuhuu. Salfa hushika moto, mwanangu. Kama feni ya kuipooza imevunjika, ile mashine ingepata joto na salfa tumboni, nami ndiye ninayewaambia muiwashe tena na tena! Msiiguse. Jumamosi nakuja."

Baba alibeba mifuko mmoja mmoja mpaka nje, mbali na nyumba. Alipomaliza alisimama mlangoni. "Kumbe! Na mimi nimewasingizia panya kwamba wamechezea pampu yangu. Kuanzia kesho utaiosha wewe mpaka msimu uishe."

"Ndiyo, baba."

Siku za kungoja zilikwenda polepole. Anjelina alirudi ukingoni kila asubuhi, lakini hakupiga picha. Alisimama akiutazama ukungu na kujiuliza kama bonde la Babu bado limo ndani ya boksi, au limeungua lote.

Jumamosi mamdogo Ethel alifika kutoka Masasi na mkoba wa vifaa. Aliweka kompyuta juu ya mkeka uani, akafungua ubavu. Kulikuwa njano tupu. Aliinua kipande kidogo cha plastiki. "Hiki ndicho kilicholia *ka*. Upepo wa pampu umeizungusha feni mpaka panga lake moja likakatika. Vumbi la kompyuta hutolewa kwa brashi laini na kwa upole. Mikorosho ndiyo inayovumilia pampu."

Akachomoa kisanduku bapa cha chuma. "Picha zimo humu. Hii ndiyo diski." Aliiunganisha kwa waya na kompyuta yake ya mkononi. Wote walisogea karibu, hata mama akaacha kuchambua mchele. Babu alikuwa ameletwa na kiti chake mpaka uani. Anjelina aliziba macho.

"Fumbua macho," alisema mamdogo.

Ukungu ulikuwapo. Asubuhi za masika, asubuhi za kipupwe, zote zilijipanga kwenye kioo, moja baada ya nyingine. Anjelina akapiga magoti palepale mkekani kuziona kwa karibu.

Mchana kutwa walifanya kazi. Mamdogo alifagia salfa kwa brashi na kubadilisha feni. Kijiti cha kumbukumbu, kile kibao chembamba kinachoitwa RAM, alimpa Anjelina akisugue meno yake ya shaba kwa kifutio cha kawaida cha shuleni, taratibu, mpaka yang'ae. Kompyuta ilipowaka, ilikuwa kimya hata wakadhani haijawaka. Kisha walisasisha programu, wakaondoa zile zisizo na kazi, wakakagua virusi na kuvifuta. Picha zikanakiliwa kwenye flashi ya nyumbani na kwenye diski nyingine ambayo mamdogo angekwenda nayo Masasi. Mama mwenyewe alikikunja kitambaa cha maua.

"Ikizimwa ifunike," mamdogo alimwambia. "Ikiwaka iache ipumue. Dada, hilo nililisema."

"Ulilisema," mama alikiri. "Nami nikawa nasema tutafanya. Kosa hili si la mtoto peke yake."

Mamdogo alifuta mikono, akamwita Anjelina akae karibu naye. "Mwanangu, kuharibu kompyuta si jambo la ajabu. Mimi nimeharibu ngapi nikijifunza! Lakini fundi ni kama daktari. Ukimdanganya, atakupa dawa ya ugonjwa mwingine, na dawa ile itakuua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kitu kikiharibika mikononi mwako, sema siku hiyohiyo, sema chote. Na kitu ukikitunza kidogo kidogo kila mwezi, hutahitaji kukitibu kwa pampu."

"Nimesikia, mamdogo. Nisamehe." Kisha akamgeukia Babu, na machozi yakamjia tena. "Nisamehe na wewe, Babu. Nusura nipoteze bonde lako lote."

Babu hakuondoa macho kwenye kioo. Picha zilikuwa zikipita polepole, na mwanga wake mweupe ulimwangukia usoni.

"Bonde?" alisema. "Bonde lipo palepale, halina pa kwenda. Picha zingepotea ningesikitika, ningelia hata. Lakini ningelia nawe upo hapa, na asubuhi ungenipigia nyingine. Je, moto ungezuka siku ile, wewe umeshika ile swichi? Nani angenifungulia dunia?"

Anjelina alisogea akaegemeza kichwa kwenye goti la Babu la upande usioumia, na wote wawili wakautazama ukungu ukipita.