Fyuzi za Mfukoni

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi umeme, na kovu lake la pajani nimeliona kwa macho yangu, kwa hiyo asinibishie mtu.

Shemeji yake alikuwa na karakana ya kupasua mbao, haina dirisha, ina taa moja tu. Kila msumeno ulipowashwa, taa ilififia.

"Mota kubwa ikianza huvuta umeme mwingi kwa mpigo, volteji inaanguka," fundi alimweleza. "Mashine yako ina uroho kukushinda wewe, shemeji."

Ili aikague, aling'oa fyuzi tatu za mota akazitia mfukoni, kama afanyavyo siku zote, asije mtu akarudisha umeme. Shemeji akainamia meno ya msumeno kuchomoa kibao kilichokwama.

"Una hakika, fundi?"

"Umeme wote ninao mfukoni. Weka hata shingo!"

Taa ikafifia, karibu izime.

Fundi alipiga kelele, lakini msumeno tayari ulikuwa ukinguruma. Katika kiza kile alisikia meno yakitafuna kitu laini, kisha kitu kigumu, na yowe la shemeji likipanda juu ya mlio wa chuma. Majimaji ya vuguvugu yakamrukia usoni.

Taa ikarudi. Msumeno ulikuwa kimya. Mkono wa shemeji ulilala ng'ambo ya meza, bado umekishika kibao.

Fundi alivua mkanda amfunge kuzuia damu, ndipo akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Zile fyuzi tatu zilikuwa zimetoboa suruali na kugandia nyama ya paja, nyekundu kama makaa.