Vumbi Lililokimbia Mkono wa Povu

Povu alikuwa dobi. Wateja ndio waliombandika jina hilo, maana mikono yake haikuishiwa povu la sabuni kutwa nzima. Wengine waliapa kwamba hata akipiga chafya vinatoka vipovu. Hayo tuwaachie wenyewe.

Mumewe alikuwa seremala. Alipiga msasa uani, na unga wa mbao ukatua kila mahali: kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye nyusi za mama mkwe, na ndani ya pipa la maji ya kunywa. Pipa halikuwa na kifuniko, na kila wiki hakukosekana aliyelalamika tumbo.

Asubuhi moja seremala alikwenda kupeleka kitanda kwa mteja. Mama mkwe alikuwa amembeba mjukuu. Povu aliacha nguo kwenye beseni, akaja kuchota maji. Kikombe kilikuwa kimezama, akaingiza mkono.

Unga ukakimbia. Ulikuwa umetulia juu ya maji, mara ukatawanyika na kujibanza ukutani mwa pipa, kama vifaranga waliomwona mwewe.

"Toa mkono wako," mama mkwe akasema polepole.

"Mama, sijafanya kitu."

"Vumbi halina miguu. Limekimbia nini?"

Mama mkwe akatia kidole chake. Hakuna kilichosogea.

"Umeona? Mimi halinikimbii. Mtoto huyu hutamgusa. Mumeo akirudi, atakurudisha kwenu."

Mtoto akaanza kulilia ziwa. Povu akaficha mikono mgongoni. Alimwogopa mama mkwe, lakini sasa aliuogopa mkono wake zaidi. Je, kama ni kweli? Mkono huu huu ndio uliomwogesha mwanawe jana.

Kilio kilimleta jirani, mpima usafi wa maji. Mtaa mzima ulimwita Chupa, kwa jinsi vichupa vilivyogongana mkobani mwake. Alisikiliza, akachungulia pipani.

"Mwanangu, mkono huo ulitoka wapi?"

"Kwenye beseni la nguo," Povu akajibu.

"Uliusuuza?"

"Hapana."

Chupa akajaza karai maji mapya ya bomba, akanyunyiza unga wa mbao. "Mama, suuza kidole kwanza, kisha ukitie." Unga ukatulia. "Sasa kipake sabuni."

"Nisije nikapatwa na jambo."

"Ukigeuka mbuzi nitakufuga mwenyewe. Tia."

Unga ukakimbia hadi ukingoni. Mama mkwe akaficha kidole kwapani.

"Na mimi pia?" akanong'ona.

"Na wewe, na mimi, na yeyote mwenye sabuni. Uso wa maji umevutwa, kama ngozi ya ngoma. Unavutana sawasawa pande zote, ndiyo maana unga unakaa. Sabuni inalegeza pale inapogusa. Kwingine bado kumekaza, basi kunavuta, na unga unabebwa."

"Mbona pipani haukunikimbia?"

"Sabuni ya mkweo ilishatandaa kote. Hapakubaki upande wa kuvuta." Chupa akafunga mkoba. "La kuogopa ni jingine. Mnakunywa unga wa mbao na uchafu wa nguo za watu. Nani amekunywa leo?"

Mama mkwe akalitazama pipa. "Vikombe viwili."

"Maji hayo mkamwagie uani. Pipa lisuguliwe, lisuuzwe, lifunikwe. Mchote kwa kata yenye mpini, mkono usiingie. Ya kunywa myachemshe."

Povu akasuuza mikono hadi viwiko, mara tatu. Bado aliogopa. Akajaza maji mengine, akanyunyiza unga, akatia kidole huku amefumba macho.

"Fumbua," mama mkwe akasema. "Umetulia."

Kisha akamnyooshea mtoto. "Mchukue mwanao, ana njaa. Na mimi nilikosa."

Jioni ile seremala alichonga kifuniko kabla hata ya kula. Matumbo yaliyokuwa yakiuma kila wiki yakaanza kupoa. Mama mkwe ndiye mlinzi wa pipa. Mgeni akitaka kumbeba mjukuu, huulizwa mlangoni:

"Umenawa? Haya, na kusuuza je?"