Honi ya Korongoni

Haya yalimpata Rashidi, rafiki yangu wa Same anayeshusha tangawizi kutoka Suji, juu mlimani. Pikapu lake lilikunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi, basi akanunua kontroo boksi, ule ubongo wa injini, lililong'olewa kwenye gari lililoua dereva wake kwenye njia hiyohiyo ya Suji na bado limelala korongoni.

“La marehemu hilo,” fundi Senzota alimkemea. “Mimi silifungi.”

“Nitalifunga mwenyewe!”

Jioni akapanda mlima, gari jepesi ajabu. Ukungu ukafunika kila kitu. Kwenye kona nyembamba akapiga honi ya kuomba njia, kama madereva wote wa huko. Akajibiwa. Akasubiri, hakupita mtu. Akaingia, na katikati ya kona injini ikazimika.

Honi ikalia tena, mfululizo, kwa hasira. Ilitoka chini, korongoni, kusiko na barabara.

Rashidi akalichomoa lile boksi, akalitupa gizani. “Chukua, mwanaharamu!”

Likagonga mawe, likagonga bati la gari. Kimya.

Kisha kule chini injini ikawaka, ikanguruma, ikapiga honi ya kuomba njia.