Waya wa Chumba cha Abiba

Kevin Ewoi, fundi wa intaneti, alifunga adapta mbili, lakini simu yake ikamwonyesha tatu.

Alizima simu, akaiwasha tena. Bado tatu. Alikuwa amechuchumaa sebuleni kwa Kahin, mbele ya router ya intaneti, katika nyumba ya mawe iliyojengwa na babu yake Kahin, askari wa zamani aliyepewa kiwanja hapa Isiolo. Kuta zake ni nene hata network haifiki chumba cha nyuma, ambako Faiza, mke wa Kahin, hufundisha Kisomali watoto wa ng'ambo kwa kompyuta. Kevin akaona njia rahisi ni kutumia nyaya za dishi zilizopita ndani ya kuta tangu enzi za televisheni ya babu. Adapta moja angeiweka kando ya router, nyingine kule nyuma, intaneti ipite katika waya wa zamani bila kutoboa ukuta.

"Madam, kuna adapta ingine mmeweka?" aliuliza.

"Sisi? Hapana. Ni hizo zako tu," Faiza akasema.

Kevin aliufuata waya mpaka juu ya dari. Huko akakuta umegawanyika, na tawi moja linashuka kwenye chumba kilichofungwa kwa kufuli. Kilikuwa chumba cha Abiba, dada yake Kahin, aliyefariki kwa ugonjwa wa mapafu kabla Faiza hajaolewa katika nyumba hiyo. Ufunguo alikuwa nao mama yao, Safiyo. Mama huyo alifungua mlango, akabaki nje.

Ndani hamkuwa na kitu ila kitanda kitupu. Kevin alifungua kifuniko cha waya ukutani. Waya ulikuwa umekatwa zamani, ncha yake ikining'inia bila kushikana na chochote. Lakini ilikuwa na unyevu, na ilinuka nywele zilizoungua.

Alirudisha kifuniko upesi.

"Hapa hakuna kitu," alisema, akaondoka bila kugusa chai aliyowekewa.

Intaneti ilikuwa nzuri sana. Kesho yake mchana Faiza alivaa headphone, akaanza somo. Alitaja neno, watoto wakalirudia. Akataja la pili. Mtoto mmoja akakunja uso.

"Mwalimu, nani huyo anajibu kabla yetu?"

Faiza aligeuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Alitaja neno lingine kwa sauti ya chini, na safari hii akaisikia mwenyewe, sauti ya msichana, karibu kabisa na sikio, ikimaliza neno kabla yeye hajalimaliza. Kisha ikanong'ona, ikimtaja mama kwa Kisomali:

"Mwambie hooyo nimerudi."

Aling'oa headphone na kukimbilia jikoni, akamweleza mama mkwe wake yote. Baadaye alijuta sana kumwambia. Safiyo hakuogopa. Alijifuta mikono, akaenda chumba cha nyuma na kuvaa headphone juu ya mtandio wake. Akasikiliza. Machozi yakaanza kumtoka.

"Abiba," alisema. "Hooyo yuko hapa. Sema, mwanangu."

Tangu hapo hakutoka tena chumbani mchana. Faiza alimpelekea maziwa ya ngamia, yakalala na kuchacha. Nje jua la Isiolo lilichoma mabati, naye mama wa watu alikaa ndani amejifunika blanketi, midomo imekauka, akicheka kidogo na kujibu maswali ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia. Harufu ya nywele zilizoungua ilitoka chumba kile kilichofungwa, ikaingia kwenye nguo, ikaingia mpaka kwenye chakula. Faiza alipojaribu kuchomoa adapta, Safiyo alimshika mkono kwa nguvu ambazo mwanamke wa umri wake hawezi kuwa nazo.

"Utamuua mara ya pili?"

Kahin alirudi na lori lake kutoka kushusha mbuzi Nairobi, akamkuta mama yake amekonda kama mgonjwa.

"Hooyo, huyo si Abiba. Abiba tulimzika."

"Anajua jina nililomwita akinyonya. Anajua bakuli alilovunja sebuleni, na mahali alificha vipande. Nani mwingine anajua?"

Faiza, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani.

"Hooyo," alisema polepole, "hayo yote yalitendeka humu ndani. Muulize jambo la nje."

Safiyo akachomoa waya wa headphone ili wote wasikie.

"Abiba. Siku ile ya mwisho, hospitalini. Uliniomba nini?"

Ile sauti ikaja, tamu, ya kubembeleza.

"Niambie, hooyo."

"Nakuuliza wewe."

"Niambie. Sema tu. Mimi husikia kila kitu."

Safiyo alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, kana kwamba maneno yangetoka yenyewe. "Muite Sheikh," alisema ndani ya viganja. "Muite sasa."

Sheikh Liban alikuja baada ya sala ya alasiri, na Kevin akaitwa kuja kung'oa nyaya, maana mwingine hakujua zilikopita. Sheikh alipoanza kusoma, ukuta ulijibu. Kwanza babu akakohoa, yule aliyekufa miaka mingi iliyopita. Kisha Kahin akalia, sauti ya Kahin mtoto anayechapwa, na Kahin mwenyewe amesimama pale mdomo wazi. Kisha Faiza akajisikia akilia vile alivyolia wiki ya kwanza ya ndoa, kwa siri, uso ndani ya mto, kilio ambacho hakumwambia mtu yeyote duniani, na sauti zote zikapandana, vicheko na ugomvi na minong'ono ya watu wote waliowahi kulala katika nyumba ile, zikitoka kwenye kila tundu la waya huku Sheikh akipaza kisomo, jasho likimtiririka ndevuni, na Kevin, akitaja jina la Yesu kwa pumzi, akivuta waya wa chumba cha Abiba ambao ulitoka laini, umelowa, ukiendelea kutoka hata ulipozidi urefu wa nyumba yenyewe.

Mwishowe waya ukakatika. Kimya.

Waliuchoma uani. Harufu ikaisha, na Safiyo akanywa maziwa kwa mara ya kwanza tangu avae headphone.

Jioni alimshika Faiza mkono, akamtoa nje ya geti mpaka barabarani, wakasimama kati ya vumbi na bodaboda.

"Aliniomba nimfunike miguu," alisema. "Alikuwa anasikia baridi. Ni hilo tu."

Faiza alimkumbatia, wakalia pamoja.

"Mbona hukuniambia ndani, hooyo? Sheikh si amemtoa?"

Safiyo aliitazama nyumba.

"Sheikh ametoa waya," alisema. "Yule alikuwa hapo kabla ya waya. Alikuwa anasikiliza tu."

Mpaka leo familia hiyo inaishi mle. Ndani huzungumza bei ya sukari na habari za mvua. Wakiwa na neno la maana hutoka barabarani, hata matope yakiwa yamejaa, wakanong'onezana huko, migongo yao ikiwa imeelekea nyumba.