Aliyemsuka Apolonia

Siku ya kwanza Faustina alidhani ni jirani. Alikuwa ametoka kuchuma mboga tu, na aliporudi alimkuta Apolonia, binti wa mumewe, amekaa mlangoni na mistari sita imenyooka kichwani, nywele zikinuka udongo mbichi.

"Nani kakusuka?"

"Mama."

Faustina alikuwa na miezi mitatu tu tangu aolewe hapo Kilolo, akitokea Iyunga, na Verediana, mama wa mtoto, alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Alimpigia simu mumewe, Zabron, aliyekuwa kazini Mgololo. Zabron akasema taratibu, "Ni mama yake huyo. Mwache amhudumie mwanawe."

Kila mchana, ukungu ukishatanda na Faustina akiwa shambani, mistari ilifumuliwa na kusukwa upya, ikabana zaidi. Siku ya nne Apolonia hakuweza kufumba macho, na damu ilimchuruzika kwenye paji la uso.

Faustina alikimbilia kwa mama mzazi wa Verediana. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwanangu aliungua vidole utotoni, hata sindano hakuweza kushika. Hajawahi kumsuka mtu. Zabron anajua hilo." Akanyanyuka. "Mtoto umemwacha na nani?"

Faustina hakukumbuka alivyofika nyumbani, alikumbuka tu kwamba Apolonia alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kimevutwa nyuma kama kimelazwa kwenye mapaja ya mtu, na hapakuwa na mtu, ila nywele zilijisuka zenyewe unywele kwa unywele na harufu ya udongo ikajaa chumbani, naye akachukua mkasi, akaketi kwenye ubaridi uliokuwa nyuma ya mtoto, na ingawa vidole asivyoviona vilimbana viganja, alikata, akakata, akinong'ona, "Wewe si Verediana. Huyu namlea mimi," mpaka msuko wa mwisho ukaanguka, ukajinyonganyonga sakafuni, ukatulia.

Bibi, aliyemfuata nyuma, alizichoma nywele zote uani kwa mafuta ya taa, huku akisali.

Jumamosi Zabron alirudi. Alikitazama kile kichwa kilichokatwa nywele na vidonda vyake. Hakumuuliza mtoto kama anaumwa.

"Yule msusi alipoondoka," alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini, "aliniulizia?"

Faustina alimbeba Apolonia mgongoni, akashika njia ya kwa bibi, na nyuma yake akamsikia Zabron akivuta kigoda, akikaa, akimsubiri.