Mawifi na Mashine ya Kati

Tuta lilikatika bila kuaga. Mashine kubwa iliyotangulia iliinama upande, ikasita kidogo, kisha ikabiringika mtaroni pamoja na dereva wake. Daktari wa mifugo, aliyekuwa akifuata nyuma kwenye mashine ya kati, alisikia kishindo, halafu akasikia mvua tu.

Aliruka chini, akakimbilia ukingoni. Ile pikipiki kubwa ya magurudumu manne ilikuwa imelala ubavu, na chini yake, kuanzia goti kushuka, ulikuwa mguu wa wifi yake. Maji ya kahawia yalikuwa yamemfika kiunoni. Huko yalikotoka, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na sasa yalikuwa yanapanda yakionekana kwa macho.

"Uko hai?"

"Nikifa nitakwambia," wifi alijibu, meno yakigongana. "Usijaribu kuisukuma. Hii ni nzito kuliko wewe na ukoo wako wote."

Walikuwa wamefika hapo kwa ubishi. Daktari alitafuta chombo cha kumfikisha kwenye kambi za wafugaji ng'ambo ya kinamasi, mahali ambapo gari huzama na miguu huchoka. Dukani aliipenda ya kati mara moja: tumbo lake lilikuwa juu, keria ya nyuma ilitosha sanduku la chanjo, na upana wake ungepita kwenye njia za ng'ombe. Ila yeye si dereva wa kujivunia, kwa hiyo alikuwa amemchukua mke wa kaka yake ampe ushauri. Huyu aliendesha greda la kuchonga barabara. Watu walimwita Mama Greda, na yeye hakuona tusi.

Mama Greda alipiga teke tairi la mashine ya kati, akauliza kama ni ya kupelekea watoto shule. Porini, alisema, nguvu ndiyo nauli. Muuzaji alimuunga mkono, kwani kubwa ndiyo iliyokuwa imekaa dukani muda mrefu. Daktari alipojitetea kwamba mwenda pole hajikwai, wifi alimjibu kuwa wala hafiki. Mwishowe Daktari akasema mashine hujaribiwa kwenye tope, si kwenye vigae, na muuzaji akawaachia zote mbili kwa siku moja, kwa sharti zirudi bila mkwaruzo.

"Mashine utaichagua," Mama Greda alimwambia wakivaa helmeti. "Ni mawifi tu ndio hawachaguliwi."

Sasa mchekeshaji huyo alikuwa mtaroni. Watu husema maji yamewafika shingoni huku wamekaa kwenye viti vikavu. Haya yalikuwa yameshapita mbavu.

"Nisikilize," alisema. "Ya kwako ina winchi mbele, ile roda ya waya wa kuvutia. Lakini kwanza ifunge nyuma kwenye mti. Ukivuta bila kuifunga, itateleza ije kulala na mimi huku."

Daktari aliifunga kwa mkanda wa kuvutia, akakaza fundo analofungia mafahali. Akateremka na ndoano ya waya wa winchi mkononi, tope likimfika mapajani. Alitaka kuinasa kwenye usukani. Wifi akakataa, akamwelekeza kwenye chuma cha keria, upande uliokuwa juu. Akapanda tena kwa magoti na viganja, akabonyeza kitufe.

Waya ulikazika, ukalia. Mashine ya kati ilichuchumaa kwenye springi zake, ule mkanda ukamenya gome la mti, na ile kubwa ikaanza kunyanyuka kwa uvivu. Iliponyanyuka vya kutosha, Daktari aliachia kitufe. Winchi ikashikilia. Alishuka, akamkamata wifi yake kwapani na kumburura hadi kwenye nyasi, na muda wote huo chombo kile cha kupelekea watoto shule kilishikilia mzigo mkubwa kuliko chenyewe. Mtu akifanya kazi hivyo hupigiwa makofi. Daktari alikipapasa tu kwenye tangi, akalegeza waya, na ile kubwa ikarudi majini. Mama Greda hakugeuka kuiangalia.

Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, ingawa ngozi haikupasuka. Lililomtisha Daktari ni vidole: vilikuwa baridi, vimepauka. Damu ilikuwa haifiki vizuri. Aliunyoosha mguu taratibu, akaubana kwa fimbo mbili na mikanda ya kufungia mizigo kwenye keria.

"Nimefunga ndama wengi," alisema.

"Wanapona?"

"Wasiopona huliwa."

Mama Greda alicheka huku machozi yakimtoka. Daktari hakumficha. Alimwambia kwamba ikiwa hawatafika hospitali kabla ya giza, mguu huo utakatwa. Kisha akampa chupa ya maji, anywe mafunda mawili, yaliyobaki ni ya njiani.

Tuta lilikuwa limemegeka nyuma yao pia. Upande mmoja kulikuwa na kinamasi, upande mwingine msitu wenye miti iliyosongamana. Daktari alitafuta kwato. Ng'ombe, alieleza, huogopa kuzama kuliko mtu, na akipita msituni huwa ameshachagua ardhi ngumu. Aliiona njia yao, nyembamba, ikiingia gizani mwa miti. Mashine kubwa isingepita hapo hata kwa kuombewa.

Alimkalisha wifi kwenye keria, akamfunga mgongoni mwake kwa koti la mvua kama mtoto, mguu mbovu ukiegemezwa kwenye madigadi. Yule asiyejua kuendesha ndiye aliyeshika usukani, na anayejua akawa mzigo.

"Gia nzito," wifi alisema sikioni. "Magurudumu yote manne yavute. Mafuta taratibu, kidole gumba kama unaminya jipu."

Wakaingia. Matawi yaliwachapa, magome yakachubua mashine ubavu huu na ule. Kwenye mizizi, gurudumu moja lilining'inia hewani, yale matatu yakauma ardhi na kuwavusha. Daktari alishangaa, akashangaa tena kwenye mzizi uliofuata, mpaka akazoea. Alianza kuipenda kwa dhati.

Walifika kwenye kijito kilichokuwa kimefura. Wifi alimwambia asiachie mafuta katikati, maji yasije yakaingia kwenye bomba la moshi. Daktari aliuliza atajuaje kina chake. Hakujibiwa. Kichwa cha Mama Greda kilikuwa kimelala begani kwake, kizito, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika familia ile alikuwa kimya. Daktari aliwahi kuuombea sana ukimya huo. Sasa ulimtia hofu kuliko maji.

"Wifi, nitukane," alisema. "Sema lolote."

Kimya. Lakini pumzi ilikuwepo, alihisi joto lake shingoni. Alizitazama kwato zilipoingia majini na zilipotokea ng'ambo, akaelekeza usukani hapo, akaminya. Maji yalipanda hadi keria. Mashine ilitikisika, ikayumba, ikaendelea kunguruma. Kidole gumba chake kilikufa ganzi na hakukiachia. Magurudumu ya mbele yalipoikwangua ng'ambo, alikuwa analia kwa sauti.

Nuru ilikuwa bado ipo walipopanda ngazi za hospitali, kwa mashine, hadi mlangoni. Muuguzi alitaka kufoka, akaona mguu, akaita machela.

Mguu haukukatwa. Siku chache baadaye muuzaji alifika wodini. Alikuwa ameshaivua ile kubwa mtaroni kwa trekta. Kwa uungwana alisema Daktari asihofu mikwaruzo, dukani ipo nyingine ya kati, mpya, ingali kwenye boksi lake.

"Hiyo ya boksini siijui," Daktari alisema. "Nataka ileile. Na usiipige rangi."

Muuzaji alipotoka, Mama Greda aliutazama mguu wake uliotundikwa.

"Umejua kuchagua," alisema. "Mimi ningekupoteza."

"Kaka alijua zaidi. Lakini hata angeniachia mimi nichague, ningekuleta wewe huyohuyo."

Mama Greda aligeukia ukutani, akasema dawa za hospitali hii zinawasha macho.